Siri, Faragha na Kinga: Istilahi za Hati Zisizotolewa Mahakamani

1. Utangulizi

Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, huku yakiacha nafasi ya Kiingereza pale inapolazimu. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimetumika kwa miaka mingi katika mahakama za mwanzo. Katika mahakama za juu, hata pale ambapo mashahidi, wadaawa na hakimu wote walizungumza Kiswahili, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mabadiliko hayo yamewaletea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali kazi kubwa ya kuyasema kwa Kiswahili mambo ambayo yalizoeleka kusemwa kwa lugha nyingine.

Istilahi nyingi za sheria zilikwisha kupata mahali pake tangu Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilipotoa orodha yake ya kwanza mwaka 1968. Hata hivyo, uko uwanja mmoja ambao bado una utata, nao ni ule wa hati za ofisi zinapodaiwa mahakamani. Je, ni hati zipi ambazo taasisi inaweza kukataa kuzitoa? Na hati hizo tuziiteje?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba utata huo unatokana na neno moja, yaani siri, kubebeshwa mizigo mitatu isiyofanana. Tutaonyesha pia kwamba kosa hili haliishii katika lugha tu: huweza kumnyima mwananchi haki yake, na huweza vilevile kuivua taasisi ulinzi ambao sheria imeipa.

2. Majibu matatu kutoka Korogwe na Handeni

Kutoka mji wa Korogwe hadi mji wa Handeni ni mwendo wa kilomita 65. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga zina halmashauri nne: mbili za miji na mbili za wilaya. Korogwe ina mashamba ya mkonge ambayo historia yake inafika enzi ya Wajerumani. Handeni ina vijiji vya wakulima na wafugaji vilivyotawanyika katika eneo pana. Katika miaka ya karibuni wilaya zote mbili zimekuwa katika njia ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mahali ambapo ardhi hupimwa, huthaminiwa na kulipiwa fidia hapakosi makaratasi. Na penye makaratasi hapakosi mashauri.

Mwananchi anayetaka kuishtaki halmashauri hana budi kutoa kwanza notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika shauri, nalo husikilizwa na Mahakama Kuu. Maana yake ni kwamba jalada lililofunguliwa na karani wa masjala huko Handeni linaweza kujikuta mbele ya Jaji huko Tanga, na kila karatasi iliyomo ikaulizwa: hii itolewe au isitolewe?

Tulipozitembelea wilaya hizo tuliwauliza watunza kumbukumbu, makarani na wakalimani swali moja: hati ya siri ni ipi? Tulipata majibu ya aina tatu. Wa kwanza walisema ni ile iliyogongwa muhuri wa SIRI na kuwekwa katika masjala ya siri. Wa pili walisema ni ile yenye mambo ya mtu binafsi, kama ugonjwa wake au mshahara wake. Wa tatu, nao walikuwa wachache, walisema ni barua ya mwanasheria. Katika Kiswahili cha kila siku majibu yote matatu ni sahihi. Katika sheria hayo ni mambo matatu mbalimbali, na la tatu pekee ndilo linalokaribia jambo tunalolizungumzia hapa.

Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, tulionyeshwa tafsiri ya hati ya kiapo iliyosema kwamba barua fulani isingetolewa kwa kuwa ni “mawasiliano yenye upendeleo baina ya wakili na mteja”. Tuliambiwa kwamba mdai aliposomewa maneno hayo aliuliza: wakili amempendelea nani? Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Aliyekosea ni mfasiri.

3. Sheria inasemaje

Katika shauri la madai, mahakama inaweza kuuamuru upande mmoja utaje kwa kiapo hati zote ulizo nazo zinazohusu ubishi, kisha upande wa pili uruhusiwe kuzikagua. Shabaha yake ni kwamba haki isitegemee nani ana kabati lenye kufuli madhubuti zaidi. Kwa hiyo kanuni ni kutoa. Kutotoa ni jambo la pekee, na anayetaka kutotoa hana budi kuitaja hati yenyewe katika orodha na kueleza sababu zake. Haruhusiwi kuinyamazia.

Sababu zinazokubalika ni chache. Ya kwanza ni mawasiliano ya mteja na wakili wake yaliyofanywa kwa ajili ya kupata ushauri wa kisheria. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika tangu mwaka 1920, inamkataza wakili kuyatoa mambo aliyoambiwa na mteja katika kazi hiyo bila idhini ya mteja mwenyewe. Ya pili ni hati zilizotayarishwa kwa ajili ya shauri lililopo au linalotarajiwa, kama vile maelezo ya mashahidi yaliyokusanywa kwa maagizo ya wakili. Ya tatu ni barua na mazungumzo ya kutafuta mapatano, yaliyofanywa kwa masharti kwamba hayatatumiwa kuwa ushahidi. Ya nne ni kumbukumbu za dola ambazo hazijatangazwa na ambazo kuzitoa kungeleta madhara kwa taifa.

Ulinzi huo una mpaka. Mtu akimwendea wakili ili apate njia ya kutenda jinai, mazungumzo yao hayalindwi. Tena kinacholindwa ni mawasiliano. Tukio lenyewe halilindwi. Kama trekta la halmashauri lilifyeka mahindi ya mtu, tukio hilo haligeuki kuwa siri kwa sababu tu Mkurugenzi alimsimulia mwanasheria wake.

4. Kupima maneno

Sasa tuyapime maneno yanayogombea nafasi hii, moja baada ya jingine.

Upendeleo. Neno hili limetoka katika kamusi za jumla. Neno la Kiingereza linalotumika katika sheria asili yake ni la Kilatini, privilegium, ambalo maana yake ni sheria inayomhusu mtu mmoja. Kwa njia hiyo wenye lugha hiyo walifika kwenye maana ya haki ya pekee, na baadaye kwenye maana ya kupendelewa. Mfasiri aliyeandika upendeleo ameichukua maana ya mwisho na kuiacha ya kwanza. Zaidi ya hayo, mahakamani upendeleo ni tuhuma: hakimu mwenye upendeleo hukataliwa. Neno hili halifai.

Haki. Hili lina historia nzuri. Katika jina la Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge ya mwaka 1988, neno lile lile la Kiingereza lilifasiriwa kuwa haki. Bungeni linatosha, kwa kuwa Bunge lina haki zake zinazojulikana. Katika shauri la madai, hata hivyo, kila upande unadai haki: mdai ana haki ya kuona, na mdaiwa ana haki ya kutoonyesha. Haki peke yake haitofautishi. Inafaa katika maelezo, kwa mfano haki ya kutotoa hati, lakini haiwezi kuwa jina la jambo lenyewe.

Faragha. Faragha ni ya nafsi ya mtu: mwili wake, nyumba yake, barua zake. Ndivyo neno hili linavyotumika katika kichwa cha ibara ya 16 ya Katiba, na mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yako jirani nalo. Halmashauri, kampuni au chama cha ushirika hakiugui wala hakina unyumba. Tukisema kwamba shirika lina faragha, tunalidhoofisha neno ambalo mwananchi analihitaji kwa ajili yake mwenyewe.

Siri. Siri hueleza hali ya jambo kutojulikana. “Siri ya mtungi aijuaye kata,” walisema wahenga. Methali hii inatufaa, kwa sababu inatukumbusha kwamba kila siri ina anayeijua, na anayeijua anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Usiri wa jambo haumzuii shahidi kusema. Mfanyakazi wa benki, daktari, hata rafiki wa ndani, wote wana siri za watu, lakini mahakama inaweza kuwaamuru waseme. Siri, basi, ni sifa ya hati. Haitupi jibu la swali la mahakama.

Kinga. Neno hili latokana na kukinga: kukinga jua, kukinga mvua, kukinga pigo. Kwanza, linataja tendo la kuzuia, nalo ndilo jambo lenyewe. Pili, linamlazimisha msemaji aseme ni kinga ya nani na dhidi ya nini. Na maswali hayo mawili ndiyo hasa ambayo mahakama huuliza. Inaweza kusemwa kwamba neno hili lina kazi nyingi tayari: kinga ya Rais, kinga ya wabunge, kinga ya maradhi. Wengine watakumbusha kwamba katika methali “kinga na kinga ndipo moto uwakapo” limo neno jingine kabisa, lenye maana ya kipande cha kuni kiwakacho. Hoja hizo hazituzuii. Wabunge hukingwa wasishtakiwe; hati hukingwa isitolewe. Tukiongeza maneno machache tu, yaani kinga ya kutotoa hati, utata huisha. Katika matumizi ya kawaida tutasema kinga ya hati, na hati yenyewe tutaiita hati yenye kinga.

5. Jalada moja, karatasi tano

Ili tuone kama istilahi hii inafanya kazi, tuchukue mfano wa kubuni. Mwanakijiji mmoja wa Handeni anaishtaki halmashauri kwamba shamba lake lilichukuliwa kwa ajili ya barabara na fidia aliyopewa ilikuwa pungufu. Katika jalada mna karatasi tano.

Karatasi ya kwanza ni ripoti ya uthamini, imegongwa muhuri wa SIRI. Je, ina kinga? Haina. Ilitayarishwa kabla ya ubishi, kwa ajili ya kazi ya kawaida ya kukadiria fidia. Muhuri ni agizo la ofisi kwa watumishi wake kuhusu nani aishike na iwekwe wapi, haumwamuru Jaji. Tena ripoti hii ndiyo moyo wa shauri. Akinyimwa hiyo, mwanakijiji huyo hana cha kusimamia.

Karatasi ya pili ni barua ya Mkurugenzi akimwomba mwanasheria ushauri juu ya notisi aliyoipokea, pamoja na jibu la mwanasheria. Haina muhuri wowote, na karani ameiweka katika jalada la wazi. Hii ndiyo yenye kinga. Hapa tunaona jinsi neno siri linavyoadhibu pande zote mbili: hati isiyo na kinga imefichwa, na hati yenye kinga imeachwa wazi.

Karatasi ya tatu ni muhtasari wa kikao. Aya zake nyingi zinahusu bajeti, na aya moja inarudia ushauri wa mwanasheria. Muhtasari hutolewa, na aya ile moja huzibwa. Tunapendekeza kitendo hiki kiitwe kuziba maneno, wala si kufuta, kwa sababu kilichofutwa hakipo tena, hali kilichozibwa kipo katika nakala halisi na mahakama inaweza kukiangalia.

Karatasi ya nne ni barua iliyompa mdai nafasi ya kupatana nje ya mahakama, kwa sharti kwamba haitatumiwa dhidi ya halmashauri. Ina kinga, lakini ni ya aina nyingine: mdai mwenyewe anayo nakala. Kwa hiyo si siri hata kidogo baina yao, na bado haiingii katika ushahidi. Karatasi hii pekee yatosha kuthibitisha kwamba kinga na siri si kitu kimoja.

Karatasi ya tano ni cheti cha hospitali cha mpima ardhi aliyekuwa likizo ya ugonjwa. Hicho ni cha faragha. Kama hakihusu ubishi, hakina sababu ya kutolewa. Kama kinahusu, mahakama inaweza kuamuru kionwe na watu wachache tu.

Nakala ya barua ya kawaida ikipelekwa kwa mwanasheria haiwi na kinga kwa sababu hiyo tu. Vilevile mwanasheria wa taasisi anapoandika kama mjumbe wa kamati ya manunuzi, hoja ya kinga inakuwa dhaifu. Kinga hufuata ushauri wa kisheria. Cheo cha aliyeandika hakitoshi.

6. Nani anaamua?

Mwaka 1939 nyambizi ya Kiingereza iliyoitwa Thetis ilizama ikiwa katika majaribio, wakafa watu 99. Jamaa za marehemu walipowashtaki waliounda chombo hicho, walidai michoro yake. Serikali ilikataa, na mwaka 1942 Baraza la Mabwana lilikubali kwamba neno la Waziri lilitosha. Mwaka 1968 Baraza hilo hilo lilibadili msimamo katika shauri la askari polisi mmoja aliyedai taarifa za ofisi zilizomhusu yeye mwenyewe. Liliamua kwamba mahakama inaweza kuisoma hati na kupima madhara ya kuitoa dhidi ya madhara ya kuinyima haki ushahidi. Baada ya kuzisoma, liliamuru zitolewe.

Hata pale sheria inapoipa serikali nafasi kubwa, haimpi karani. Katika Sheria ya Ushahidi ya Kenya ya mwaka 1963, anayeapa kwamba amekwisha kuichunguza hati na kuiona ina madhara kwa umma ni Waziri.

Tanzania nayo imekutana na swali hili nje ya mipaka yake. Kampuni ya Biwater Gauff ilifungua shauri baada ya mkataba wa huduma ya maji ya Dar es Salaam wa mwaka 2003 kuvunjwa mwaka 2005. Shauri lilikwenda mbele ya jopo la usuluhishi la Kituo cha Kimataifa cha Migogoro ya Uwekezaji. Serikali ilidai kwamba baadhi ya hati zilikingwa na sheria ya nchi kwa maslahi ya umma. Kwa amri ya Mei 2006 jopo lilikataa sheria ya ndani ya nchi itumiwe kuwa ngao ya jumla ya namna hiyo. Mambo nyeti kama usalama wa taifa yangeweza kufikiriwa, lakini kwa hoja mahsusi. Shauri liliisha Julai 2008: jopo liliona kwamba Serikali ilikiuka wajibu wake, lakini halikuamuru fidia yoyote. Funzo letu ni la lugha pia. Anayesema “hizi ni siri” hajasema kitu. Anayesema “hati hii ina kinga ya aina hii kwa sababu hii” amefungua mjadala.

7. Kinga hupoteaje

Kinga ni mali ya mteja. Wakili anaishika kwa niaba yake tu. Mteja anaweza kuiachilia kwa hiari, na anaweza kuipoteza kwa uzembe. Barua ya mwanasheria ikisambazwa kwa watu wasiohusika, au ikipigwa picha na kurushwa katika kundi la WhatsApp la idara, ni vigumu kudai baadaye kwamba ilikingwa. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa simu na barua pepe vinaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Kwa hiyo navyo ni hati.

Isitoshe, kuharibu si kukinga. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 hairuhusu mtumishi kuteketeza kumbukumbu za umma apendavyo. Hati yenye kinga hutajwa katika orodha, huhifadhiwa na kutetewa kwa hoja. Anayeichoma ameharibu hati na hoja yake pamoja.

Hapa kuna neno kwa wafasiri na wakalimani. Sheria inayomfunga wakili inamfunga pia mkalimani wake, karani wake na mtumishi wake. Mkalimani wa Korogwe anayemfasiria mzee wa Kisambaa mbele ya wakili si msikilizaji tu. Amekuwa kata ndani ya mtungi. Asijifiche nyuma ya hoja kwamba yeye hakuwa na lake.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Hati ya siri: hati ambayo taasisi imeagiza isomwe na watumishi maalumu tu.

Hati ya faragha: hati yenye habari za nafsi ya mtu.

Kinga ya hati: haki inayotambuliwa na sheria ya kutotoa hati katika shauri.

Hati yenye kinga: hati ambayo mahakama imekubali, au inaombwa ikubali, isitolewe.

Kinga ya wakili na mteja: kinga ya mawasiliano yaliyofanywa kwa ajili ya ushauri wa kisheria.

Kinga ya maandalizi ya shauri: kinga ya hati zilizotayarishwa kwa ajili ya shauri.

Kinga ya mapatano: kinga ya maneno yaliyosemwa katika kutafuta suluhu.

Kinga ya maslahi ya umma: kinga ya kumbukumbu za dola.

Utoaji hati: kuorodhesha na kuonyesha hati kwa upande wa pili. Tusiseme ufichuzi, kwani anayefichua hudhaniwa amegundua uovu, hali mtoaji hati anatimiza wajibu tu.

Kuziba maneno: kufunika sehemu yenye kinga katika nakala inayotolewa.

Kuachilia kinga: mteja kuridhia hati yenye kinga itolewe.

9. Hitimisho

Hatusemi kwamba istilahi mpya zitawafanya watu wote watoe hati wanazopaswa kutoa. Anayetaka kuficha atatafuta neno lolote. Lakini mtumishi mwaminifu wa Handeni aliye na muhuri mkononi, na mwanakijiji aliyeketi nje ya chumba cha mahakama akingoja, wote wawili wanastahili lugha inayowaambia wazi kipi kimefichwa, kwa haki ya nani na kwa sababu gani. Neno siri halikuweza kufanya kazi hiyo. Tunaamini kwamba kinga itaweza, na tunawaomba wasomaji walijaribu katika tafsiri zao, madarasa yao na majalada yao, kisha watuletee maoni yao.